Bruce Lee: Mwalimu na Swahiba

Jina la marehemu Bruce Lee linapotajwa, aghalabu kinachokumbukwa ni teke. Katika vibanda vya video vya Kawangware, si mbali na Muthangari, vizazi vya watoto vimekua vikimwiga kwa mateke na mayowe. Hata hivyo, kabla ya kuwa nyota wa filamu, Lee alikuwa mwalimu, na ualimu huo ndio uliompa marafiki wa kufa na kuzikana.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940, babake, mwigizaji wa opera ya Kikantoni, akiwa ziarani huko. Alilelewa Hong Kong, ambako alijifunza Wing Chun chini ya Ip Man. Ujana wake ulijaa magomvi ya mitaani, hata wazazi wakaona heri wamrudishe Marekani mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 18. Baadaye alihamia Seattle, akawa mhudumu katika mkahawa wa Ruby Chow huku akiendelea na masomo.

Mwanafunzi wake wa kwanza mjini humo alikuwa Jesse Glover, Mmarekani Mweusi ambaye utotoni alivunjwa taya na polisi mlevi. Baada yake walikuja wengine, Weusi kwa Weupe, wakifanya mazoezi katika viwanja vya wazi na maegesho ya magari. Wakati huo kung-fu ilikuwa mali ya Wachina ambayo kwa kawaida haikugawiwa wageni. Lee aliigawa bila kuuliza mtu ni wa kabila gani.

Miongoni mwa waliomjia alikuwemo Taky Kimura, na hapa ndipo maisha ya Lee yanapostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kimura, Mmarekani wa asili ya Kijapani, alizaliwa mwaka 1924; alimzidi mwalimu wake kwa miaka 16. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifungiwa katika kambi ya Tule Lake, ingawa alikuwa raia na hakuwa na kosa lolote ila nasaba yake. Alitoka humo akiwa mtu aliyevunjika moyo, anayeona haya hata kuinua macho mbele ya watu. Familia yake ilikuwa na duka la vyakula, naye alifanya kazi humo pasipo matumaini makubwa.

Kijana huyo wa Hong Kong alimfunza ngumi, lakini pia alimhimiza avae vizuri, asimame wima na ajihesabu kuwa sawa na binadamu mwingine yeyote. Ni jambo la ajabu kidogo kwa jamii zetu, ambamo mkubwa ndiye amfundaye mdogo, kwamba hapa aliyefundwa ni mkubwa. Kimura akawa msaidizi wake, na Lee alipomwoa Linda Emery Agosti 1964, Kimura ndiye aliyekuwa msimamizi wa bwana harusi. Kiswahili kina neno linalofaa uhusiano huo: swahiba. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa maswahaba, waliokuwa wandani na wanafunzi kwa pamoja.

Mwaka huohuo Lee alihamia Oakland, akimwachia Kimura shule ya Seattle. Huko Oakland alipambana na Wong Jack Man. Linda alieleza kwamba chanzo kilikuwa kuwafundisha wasio Wachina, Wong alikana. Vyovyote iwavyo, Lee hakubadilisha msimamo. Alipofungua shule Los Angeles mwaka 1967, wasaidizi na wanafunzi wake walitoka kila upande: Dan Inosanto mwenye asili ya Kifilipino, na mchezaji wa mpira wa vikapu Kareem Abdul-Jabbar, aliyemzidi kimo mno.

Filamu zilikuja baadaye na zilikuja kwa kasi: The Big Boss mwaka 1971, nyingine mbili mwaka 1972. Umaarufu haukumsahaulisha Seattle. Alipoanza kupiga picha za Game of Death, alitaka Abdul-Jabbar, Inosanto na Kimura waonekane humo, kila mmoja akilinda ghorofa yake ya pagoda. Kimura, mtu wa haya hadi mwisho, alisitasita. Sehemu yake haikupigwa kamwe.

Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32, wiki chache kabla ya Enter the Dragon kuonyeshwa Marekani. Alizikwa Seattle, katika makaburi ya Lake View. Miongoni mwa waliolibeba jeneza walikuwa waigizaji Steve McQueen na James Coburn, wote wawili wanafunzi wake, pamoja na Inosanto na Kimura.

Waigizaji walirudi Hollywood. Kimura alibaki Seattle, akifundisha kundi dogo katika chumba cha chini ya duka lake, na kwa miaka mingi alikuwa akienda Lake View kulisafisha kaburi la mwalimu wake, na baada ya mwaka 1993 la mwanawe Brandon lililo kando yake. Alifariki Januari 2021, akiwa na umri wa miaka 96.