Martin Luther: mtu aliyetafuta kuoshwa

Kila mwaka tarehe 31 Oktoba makanisa yetu hukumbuka Matengenezo. Tunalitaja jina la Martin Luther, tunaimba, kisha tunarudi nyumbani. Mara chache tunakumbuka kwamba jambo hili kubwa lilianza na swali lililomnyima usingizi mtu mmoja: mwenye dhambi atasafishwaje hata aweze kusimama mbele za Mungu?

Luther alizaliwa Eisleben, Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Baba yake, mtu wa machimbo ya shaba, alitaka mwanawe awe mwanasheria. Lakini mwezi wa Julai 1505 kijana alikutwa na radi njiani karibu na Erfurt. Kwa hofu ya kufa akaweka nadhiri, na majuma mawili baadaye akaingia katika nyumba ya watawa wa Augustino.

Humo alijitesa sana. Alifunga, alikesha, alivumilia baridi. Alipokwenda kuungama alikaa saa nyingi akihesabu makosa madogo madogo, hata kiongozi wake, Johann von Staupitz, akachoka kumsikiliza. Akitoka tu, anakumbuka dhambi aliyoisahau, na hofu inaanza upya. Alipotumwa Roma, alipanda kwa magoti ile ngazi inayoitwa Takatifu, akiomba babu yake atoke toharani. Alipofika juu, akajiuliza kama jambo hilo ni la kweli.

Staupitz hakumwacha. Alimwelekeza amtazame Kristo aliyejeruhiwa, akamhimiza afundishe Biblia. Mwaka 1512 Luther akawa daktari wa theolojia huko Wittenberg, akafundisha Zaburi na Warumi. Katika Warumi 1:17 aligundua kwamba haki ya Mungu ni zawadi ambayo mwenye dhambi anaipokea kwa imani. Kuoshwa alikokutafuta kwa magoti kulikuwa kumekwisha kutendeka msalabani.

Ndipo alipokuja Johann Tetzel, akiuza vyeti vya msamaha. Mtawala wa Luther alimkataza kuingia katika nchi yake, lakini watu wa Wittenberg walivuka mpaka wakavinunua. Nusu ya fedha ilijenga kanisa la Petro Mtakatifu huko Roma; nusu nyingine ililipa madeni ya Askofu Mkuu Albrecht. Maskini hawakuambiwa habari za madeni hayo. Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther alimwandikia Albrecht, akimpelekea hoja 95. Alisema kwamba maisha yote ya mwamini ni toba, kwamba toba ya moyoni isiyoonekana nje si kitu, na kwamba kumsaidia maskini ni bora kuliko kununua cheti.

Mwaka 1521, mbele ya Kaisari huko Worms, alikataa kuyakana maandishi yake. Hata hivyo hakufuta maungamo. Alifuta ulazima wa kuhesabu kila kosa. Yeye mwenyewe aliendelea kuungama mpaka uzeeni.

Wala tusimfanye malaika. Mwaka 1543 aliandika kitabu kikali cha chuki juu ya Wayahudi, ambacho makanisa ya Kilutheri yamekikana. Alipokufa Eisleben, tarehe 18 Februari 1546, naye alikuwa mwenye dhambi aliyehitaji damu ile ile aliyoihubiri.

Sisi nasi tunajua hofu. Vita imetuachia makaburi, aibu na mashaka. Leo mama aliyepoteza watoto anaambiwa alete pesa ili anunue maji na mafuta ya kumtoa laana. Tukinyamaza, tunakumbuka Matengenezo ya nini? Tumwambie kwamba msamaha wa Yesu hauna bei.

Tena tujiangalie sisi wenyewe. Aliyeoshwa bure na arudishe shamba alilomnyang'anya jirani wakati alipokimbia. Hiyo si malipo ya msamaha. Ni tunda lake. Bwana atusaidie. Amina.