Isaac Newton: Mchungaji aliyeshindwa na kondoo akafumbua siri ya mwendo

LORI linaloelekea Bute, kaskazini mwa Wajir karibu na mpaka wa Ethiopia, hubeba magunia, mitungi na mara nyingi abiria walioketi juu ya mizigo. Dereva akikanyaga breki ghafla kumkwepa ngamia, lori husita lakini abiria huendelea kwenda mbele, na asiyeshika kamba vyema hujikuta hatarini.

Aliye juu ya lori hilo hahitaji maabara ili kutambua kwamba kitu kilicho mwendoni huelekea kubaki mwendoni. Aliyeugeuza ujuzi huo wa kila siku kuwa sheria ya sayansi ni Mwingereza Isaac Newton, ambaye jina lake hukaririwa na kila mwanafunzi wa fizikia nchini.

Lisilokaririwa ni kwamba nusura mtu huyo aikose elimu, tena kwa sababu ambayo familia nyingi za wafugaji zingeielewa mara moja: mama yake alimtaka nyumbani achunge mifugo.

Newton alizaliwa Desemba 25, 1642, kwa kalenda iliyotumiwa Uingereza wakati huo, katika kijiji cha Woolsthorpe, Lincolnshire. Baba yake, mkulima asiyejua hata kuandika jina lake, alikuwa amefariki miezi mitatu awali. Mtoto alipotimiza miaka mitatu, mama yake, Hannah, aliolewa na kasisi wa kijiji jirani, akamwacha mwanawe alelewe na nyanya yake.

Akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alipelekwa shuleni katika mji wa Grantham, akakaa kwa muuza dawa mmoja. Huko alisifika kwa kazi ya mikono yake. Aliunda saa za maji, kinu kidogo cha upepo, na tiara alizozifunga taa na kuzirusha usiku.

Mwaka 1659 mama yake, aliyekuwa mjane kwa mara ya pili, alimwondoa shuleni ili asimamie shamba. Matokeo yalikuwa hasara tupu. Kijana alizama vitabuni huku kondoo wakizurura, na kumbukumbu za baraza la kijiji za mwaka huo zinaonyesha kwamba alitozwa faini kwa sababu ya uharibifu wa mifugo yake.

Waliookoa jahazi ni watu wawili: mjomba wake, William Ayscough, na mwalimu mkuu wa shule ya Grantham, Henry Stokes. Mwalimu huyo alimsihi mama amrudishe kijana, akakubali kusamehe ada ya shilingi 40 waliyotozwa wavulana kutoka nje ya mji, na hata akampa malazi nyumbani kwake. Hannah akaridhia.

Juni 1661 Newton alijiunga na Chuo cha Trinity, Cambridge, kama mwanafunzi wa tabaka la chini aliyelipia masomo kwa kuwatumikia wengine. Mwaka 1665 tauni ilizuka na chuo kikafungwa, naye akarejea kijijini kwa muda unaokaribia miaka miwili. Wanafunzi wa Kenya waliorudishwa nyumbani Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19 wanaijua hali hiyo.

Ni katika kipindi hicho alipopiga hatua kubwa katika hisabati na elimu ya nuru, na kuanza kutafakari uvutano wa dunia. Uzeeni aliwasimulia marafiki kwamba tunda la tofaa lililoanguka ndilo lililomzindua. Halikumwangukia kichwani, kama hadithi za mitaani zinavyodai. Alijiuliza iwapo nguvu inayolivuta tunda hufika hadi mwezini.

Jibu kamili lilichukua takriban miaka 20. Mwaka 1684 mtaalamu wa nyota, Edmond Halley, alimtembelea na kumuuliza kuhusu njia ya sayari. Mazungumzo hayo yalizaa kitabu cha Principia, kilichochapishwa kwa Kilatini mwaka 1687. Halley aligharamia uchapishaji kutoka mfukoni mwake, kwa kuwa Shirika la Kifalme la wanasayansi lilikuwa limetumia fedha zake kuchapisha kitabu cha samaki.

Humo mna sheria tatu za mwendo. Ya kwanza ni ile ya abiria wa lori: kitu hudumu katika utulivu wake, au katika mwendo wake ulionyooka, hadi kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ikibadilishe. Watu walidhani kwa karne nyingi kwamba mwendo huhitaji kusukumwa daima, kwani mkokoteni husimama punda anaposimama. Ukweli ni kwamba msuguano ndio huusimamisha. Mwanachuoni Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa amelikaribia wazo hilo, na Galileo wa Italia akaliendeleza.

Sheria ya pili huonekana kisimani. Punda anayevuta mkokoteni wenye mitungi mitupu huchapuka upesi. Mitungi ikijaa maji, nguvu ile ile humpa mwendo wa kujikokota. Uzito ukiongezeka maradufu, bila kuhesabu msuguano, ongezeko la kasi hupungua kwa nusu.

Ya tatu husema kwamba kila kani huwa na kani pinzani iliyo sawa nayo. Ngamia huisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi humsukuma mbele. Mvua inyeshapo na ardhi kuwa tope, ngamia hukosa cha kusukuma, akateleza.

Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoinua roketi kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Gesi ya moto ilitoka chini kwa nguvu, roketi ikapaa. Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka hapo. Iliizunguka dunia kama mwezi uzungukavyo, ikivutwa na uvutano ule ule unaoangusha tofaa.

Newton hakuwa malaika. Aligombana vikali na Robert Hooke na Mjerumani Leibniz kuhusu nani aliyetangulia kugundua nini, na mwaka 1720 alipoteza fedha nyingi katika biashara ya hisa. Alisimamia kiwanda cha sarafu za serikali, akawa rais wa Shirika la Kifalme kuanzia 1703, akafariki Machi 20, 1727, akiwa na umri wa miaka 84. Alizikwa Westminster Abbey, London.

Kisa chake kina uzito wa pekee Kaskazini Mashariki. Mashambulizi ya kigaidi yaliyowaua walimu yaliifanya Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, kuwahamisha walimu wasio wenyeji mwaka 2018 na tena Januari 2020, na madarasa mengi yakabaki bila walimu.

Mtoto wa Bute ana lori, punda, ngamia na kamba ya kisima; mifano ya mwendo imemzunguka kuliko ilivyomzunguka Newton kijijini Woolsthorpe. Lakini mifano pekee haikumtosha hata Newton. Alihitaji mwalimu aliyeona kipaji chake, akabisha hodi kwa mama yake na kumrudisha darasani. Bila Stokes, huenda Lincolnshire ingepata mchungaji mwingine hafifu, na ulimwengu usingesikia jina lake.