Murnau: Ndege za vita zilimwacha, gari likamuua wiki moja kabla ya filamu yake kutoka

Waliotazama Final Destination ya mwaka 2000 wanaijua stori. Mwanafunzi anaona maono kwamba ndege italipuka, anashuka na wenzake wachache, ndege inalipuka kweli. Halafu kifo kinaanza kuwafuata waliopona, mmoja baada ya mwingine. Mle ndani kuna mwalimu anaitwa Murnau, anakufa na ndege ile. Jina hilo halikuokotwa tu.

F. W. Murnau alizaliwa Bielefeld, Ujerumani, Desemba 28, 1888, akiitwa Friedrich Wilhelm Plumpe. Murnau ni mji mdogo wa Bavaria, akaupenda akauchukua jina. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta kijana wa jukwaani. Rafiki yake mkubwa, mshairi Hans Ehrenbaum-Degele, aliuawa vitani mwaka 1915. Yeye akawa rubani. Alianguka na ndege zaidi ya mara moja, na kila mara akatoka mzima. Mwaka 1917 akatua Uswisi, nchi isiyopigana, akazuiliwa huko hadi vita ikaisha.

Mwaka 1922 akatoa Nosferatu, filamu ya mnyonya damu anayeingia mjini na panya na tauni. Hadithi ilitokana na Dracula ya Bram Stoker, bila ruhusa. Mjane wa Stoker akashtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zichomwe. Lakini nyingine zilishavuka mipaka. Hata filamu yenyewe ilihukumiwa kifo ikapona!

Hollywood wakamwita. Sunrise ya 1927 ilizoa tuzo tatu kwenye Oscar za kwanza kabisa, lakini Murnau hakutulia na mabosi wa studio. Akaenda zake Tahiti na Bora Bora kutengeneza Tabu, tena kwa fedha yake. Humo msichana ametengwa kwa ajili ya miungu, anatoroka na mpenzi wake, na mzee mmoja anawafuata kila wanakokwenda, hana haraka. Mwisho anamchukua msichana, kijana anaogelea kuifuata mashua mpaka anazama. Ukiiangalia leo utadhani ndiyo babu wa Final Destination.

Machi 10, 1931, kwenye barabara ya pwani karibu na Santa Barbara, California, gari la kukodi alilopanda liliacha njia. Alikuwa abiria tu. Wenzake walipona, yeye aliumia kichwa, akafa kesho yake akiwa na miaka 42. Tabu ilioneshwa New York Machi 18.

Alizikwa Stahnsdorf, nje kidogo ya Berlin. Hata huko hakuachwa. Julai 2015 iligundulika kaburi limevunjwa na fuvu lake halipo. Kilichokutwa pale ni nta ya mshumaa.