Michael Grzimek, Rubani wa Serengeti

Michael Grzimek alizaliwa Berlin, katika nchi ya Ujerumani, mwaka 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa mganga wa wanyama, na tangu mwaka 1945 alisimamia bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Basi Michael alikua akiwapenda wanyama tangu utoto wake.

Siku zile serikali ya Tanganyika ilitaka kubadili mipaka ya hifadhi ya Serengeti, iliyowekwa mwaka 1951. Lakini nyika ni kubwa, na hakuna aliyejua idadi ya wanyama wala njia wanazozifuata wakihama. Kwa hiyo baba na mwana wakajifunza urubani, wakanunua eropleni ndogo ya injini moja, wakaipaka milia kama punda milia. Mwishoni mwa mwaka 1957 wakatoka Ujerumani, wakavuka bahari na jangwa, hata wakafika Serengeti.

Rubani wa eropleni ndogo akiwa nyikani hana fundi karibu. Kwa hiyo kabla ya kuruka imempasa kuizunguka eropleni yake na kuikagua, kupima petroli na mafuta ya injini, na kujaribu usukani kama wageuka sawasawa. Tena huwaarifu wenzake anakokwenda na saa ya kurudi, ili akikawia atafutwe. Akitaka kutua, kwanza hupita juu ya kiwanja aone kama pana wanyama au mashimo.

Kuwa juu ni akiba ya rubani. Injini ikizimika akiwa juu, hupata nafasi ya kutafuta mahali pa kutua. Akiwa chini, nafasi hiyo hana. Lakini nyumbu hawahesabiki kutoka mawinguni. Iliwalazimu kuruka chini, wakienda na kurudi juu ya nyika kama mkulima alimavyo matuta, na kila mtu akihesabu upande wake. Mwaka 1958 walihesabu wanyama wakubwa 366,980. Tena waliona ya kuwa makundi hayo, yakihama, hupita mbali nje ya mipaka iliyokusudiwa.

Huko chini iko hatari nyingine. Jua likiisha kuipasha nchi joto, hewa ya joto hupanda juu, na tumbusi huinuliwa nayo bila kupiga mabawa. Tumbusi ni ndege mzito, na eropleni huenda kasi. Rubani akimwona mbele, hupaa, kwa maana ndege wengi wakishtuka hujitupa chini. Ila si kila mara humwona mapema.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake. Tumbusi mmoja akaligonga bawa la eropleni, likabonyea, na nyaya za usukani zikakwama. Eropleni ikaanguka, naye akafa, umri wake miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro.

Baba yake aliimaliza kazi waliyoianza pamoja. Filamu yao ya Serengeti ilipewa tuzo kubwa huko Marekani mwaka 1960, na watu wa nchi nyingi wakaijua nyika hiyo. Mwaka 1959 mipaka ilibadilishwa: upande wa mashariki ukatolewa, na nchi ya kaskazini ikaongezwa, kuelekea Mto Mara, ambao watu wa Kemambo waujua sana. Bernhard alikufa mwaka 1987, na majivu yake yakazikwa kando ya mwanawe.

Wanyama wa Serengeti wangali wakihesabiwa kwa eropleni hata leo. Nao marubani wa kazi hiyo huikagua mitambo yao kila safari, wakiyakaza macho mbele. Kwani uangalifu hauondoi kila hatari, lakini asiye nao huongeza hatari kwa mikono yake mwenyewe.