Maisha ya Elvin Stakman, mtu aliyetambua makabila ya kutu

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu mmoja aliyepigana na njaa, si kwa bunduki, lakini kwa macho na uvumilivu.

Elvin Charles Stakman alizaliwa tarehe 17 mwezi wa tano 1885 katika jimbo la Wisconsin, kule Marekani. Akakomalia Minnesota, inchi ya mashamba ya ngano. Alipomaliza masomo mwaka 1906, akafundisha kwanza katika masomo ya sekondari sawa walimu wetu. Mwaka 1909 akarudi ku iniversite ya Minnesota, akafanya kazi pale mpaka 1953.

Ugonjwa aliousoma unaitwa kutu ya ngano. Si kutu ya chuma, ni kuvu. Inatoa vumbi nyekundu juu ya shina, na ile vumbi ndiyo mbegu yake. Mwaka 1916 iliharibu mashamba mengi sana ya Marekani na Kanada.

Shida ilikuwa hivi: mkulima anapanda ngano yenye nguvu, miaka michache ngano inasimama vizuri, kiisha inaanguka. Juu ya nini? Wataalamu wengine walifikiri kutu inajizoeza pole pole, inapita mmea moja mpaka mwingine kama mtu anayevuka daraja. Stakman akajaribu, akakuta hapana. Kutu ni makabila mengi. Kwa macho yanafanana, lakini kila moja ina urizi wake.

Namna gani kuyatenga? Yeye na wenzake walichagua aina 12 za ngano. Wakatia vumbi juu ya zote, wakaangalia ni ipi inagonjwa na ipi inapona. Hesabu ile ilionyesha kabila. Mwisho wakapata zaidi ya 200.

Na makabila mapya yanatoka wapi? Kuna kichaka chenye miiba, baberi, watu walikipanda kuwa lupango. Juu ya majani yake kutu zinaoana na kuzaa kabila mpya. Basi tangu 1918 serikali ikaanza kung'oa baberi, mamilioni. Hata watoto wa masomo walisaidia kuvitafuta! Stakman akapanda tena ndeke na vipande vya kioo vilivyopakwa mafuta, akakamata mbegu za kutu juu sana. Ndiyo kusema, upepo hauulizi mpaka wa inchi.

Lakini adui hakulala. Kabila 15B ilionekana mwaka 1939. Mwaka 1950 ikasambaa, na mwaka 1953 na 1954 ikaharibu ngano nyingi. Kazi ya miaka mingi ikabidi ianze tena. Stakman hakukata tamaa. Mwanafunzi wake, Norman Borlaug, alikuwa Mexico anatafuta ngano yenye kushinda kutu, na mwaka 1970 akapewa zawadi ya Nobel ya amani. Stakman alikufa mwezi wa kwanza 1979, mwenye miaka 93.

Mafundisho yake yanasaidia hata pale kuvu inapokuwa rafiki. Kule Australia magugu inayoitwa Chondrilla ilisonga ngano. Mwaka 1971 wataalamu wakaleta kutu kutoka Italia ili iyaue. Yenye majani membamba yakapungua sana. Lakini magugu ile ilikuwa aina tatu, na kabila ile ya kutu iliweza aina moja tu. Aina mbili zingine zikajaza nafasi, ikabidi kutafuta makabila mengine ya kutu.

Wenzetu, mahindi na maharagwe yetu yanapata kutu vilevile. Shamba lenye mbegu ya aina moja tu ni nyumba yenye mlango moja: mwizi akipata ufunguo, anabeba vyote. Tukienda kulima shamba la masomo, tusipite mbio. Tugeuze jani, tuangalie chini yake. Stakman naye alianza hivyo.