Moïse Tshombe: mtoto wa Musumba, serikali yake iliishia Kolwezi

Hapa Kolwezi wazee bado wanabishana juu ya Moïse Tshombe. Kwa wengine ni shujaa, kwa wengine aliuza inchi. Ndugu msomaji, tufuate maisha yake tangu mwanzo.

Alizaliwa Musumba, upande wa Kapanga, tarehe 10 Novemba 1919, mwaka mmoja kisha vita ya kwanza ya dunia. Baba yake, Joseph Kapend Tshombe, alikuwa mfanyabiashara, kati ya Wakongomani matajiri wa wakati ule. Moïse alisoma kwa wamisionari Wamethodisti kutoka Marekani.

Miaka ile ya katikati ya vita mbili, Katanga ilikuwa katika mikono mitatu: serikali ya Ubelgiji, kanisa na kampuni Union Minière. Kampuni ilijenga makambi, shule na hospitali, lakini mshahara ulipangwa na wazungu. Mwaka wa 1941 wafanyakazi waligoma, askari wakawapiga risasi kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mtu mweusi, hata akiwa na makuta kama mzee Kapend, hakuamua kitu juu ya inchi yake.

Kisha baba kufa mwaka wa 1951, Moïse alishika biashara, haikuendelea vizuri. Akaingia siasa. Akaongoza Conakat, chama kilichosema mali ya Katanga ni ya wenyeji kwanza, si ya watu waliotoka Kasai. Tarehe 11 Julai 1960 akatangaza Katanga kuwa inchi peke yake. Union Minière ikampa kodi iliyopaswa kwenda Léopoldville. Kaskazini, Baluba wa Balubakat walikataa, vita ikawaka. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliletwa Elisabethville akauawa, mikononi mwa serikali ya Tshombe. Doa hilo halijatoka.

Askari wa ONU walipomsukuma, alikimbilia hapa kwetu. Watu waliogopa kwamba mitambo na mabwawa ya umeme vitalipuliwa. Havikulipuliwa. Januari 1963 Tshombe alikubali kushindwa, ONU ikaingia Kolwezi bila vita.

Mwaka wa 1964 alikuwa waziri mkuu wa Kongo yote. 1965 Kasa-Vubu akamfukuza. Mwaka wa 1967 ndege yake ilitekwa, ikapelekwa Algeria. Alifia kifungoni kule tarehe 29 Juni 1969, akazikwa Ubelgiji.

Alisema shaba itawafaa wenyeji kwanza. Lakini katika miaka yake yote ya utawala, mugodi ulibaki wa kampuni. Leo Lualaba ni jimbo, shaba na kobalti vinatoka kila siku, na swali lake bado liko mlangoni petu: nani anakula?