Daktari Dutton na Papasi

Wadudu wanaonyonya damu ni wengi. Kiroboto wa mbwa na panya ana miguu sita, mwili wake umebanwa mbavuni, naye huruka. Kupe wa ng'ombe ana miguu minane. Hushika ngozi siku nyingi asiachie. Papasi, ambaye katika sehemu nyingi za Kongo huitwa kimputu, ni ndugu wa kupe. Naye ana miguu minane. Rangi yake ni ya udongo, hana macho wala haruki. Mchana hujificha katika nyufa na vumbi la nyumba. Usiku hutoka, hunywa damu ya mtu aliyelala, kisha hurudi mafichoni. Ndiyo maana aumwaye mara nyingi hamwoni adui yake.

Tangu zamani wenyeji wa nchi zetu walisema kwamba papasi huleta homa, lakini wageni wengi hawakusadiki. Mmoja wa waliotafuta kweli ya jambo hili alikuwa Joseph Everett Dutton.

Dutton alizaliwa Uingereza mwaka wa 1874, akasomea uganga katika mji wa Liverpool. Mwaka wa 1901, huko Gambia, aliona katika damu ya mgonjwa vijidudu vya malale, akavipa jina mwaka uliofuata. Mwaka wa 1903 alitumwa Kongo kuuchunguza ugonjwa huo. Alifuatana na Daktari Todd, mtu wa Kanada. Walisafiri juu ya mto mkubwa hata wakafika mahali paitwapo leo Kisangani.

Huko walikuta watu wenye homa ya ajabu. Humpanda mtu kwa nguvu, humwacha siku chache akidhani amepona, kisha humrudia. Madaktari hao wakakusanya papasi, wakawaacha wawaume kima. Kima wakaugua. Walipotazama damu yao kwa hadubini, waliona vijidudu vyembamba kama uzi uliosokotwa. Tena wakagundua jambo jingine: papasi mwenye vijidudu huvipitisha katika mayai yake, na watoto wake wakiuma, nao huambukiza. Hivyo nyumba moja yaweza kubaki na hatari muda mrefu.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama. Dutton na Todd wote wawili walishikwa na homa ileile. Hata hivyo waliendelea na safari mpaka Kasongo katika Maniema, ng'ambo ya milima ya Uvira na Fizi, upande wa machweo. Huko Dutton alizidiwa, akafa tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Todd alipona. Mwaka uleule habari za kazi yao zilichapishwa, na baadaye vijidudu vile vikapewa jina la Dutton.

Leo homa ya papasi ina dawa. Lakini kinga ni bora kuliko dawa. Ziba nyufa za kuta na sakafu, fagia vumbi, lala kitandani mbali na ukuta. Homa ikikuacha kisha ikarudi, nenda upesi kwa mganga wa zahanati. Mtu mmoja alitoa maisha yake ili tujue haya, tusiyapuuze.

Maswali
1. Kiroboto na papasi wanatofautianaje?
2. Kwa nini aumwaye na papasi mara nyingi hamwoni?
3. Dutton na Todd waligundua nini juu ya mayai ya papasi?
4. Nyumbani kwenu mtafanya nini ili papasi wasipate maficho?